Mtajiju na Machicha ya Zabibu

Tangu nistaafu, simu yangu imejaa picha za vinyesi. Wenzangu hutumiwa picha za wajukuu na za maharusi. Mimi hutumiwa kinyesi cha mbwa cha asubuhi, kimepigwa vizuri, jua likiwa upande, na chini yake maneno: "Shikamoo bibi, hii ni kawaida?" Marahaba, mwanangu. Ungeanza kwa kuniambia mbwa mwenyewe ana umri gani na jana alishinda wapi, tungefika mbali zaidi.

Sikasiriki. Nilikuwa afisa mifugo katika vijiji vya Dodoma tangu wengi wenu hamjazaliwa, na kazi ile haimwachi mtu hata akiiacha. Vijijini waliniita Bwana Mifugo. Mimi ni mwanamke, mama wa watoto wanne, na gauni nimevaa siku zote. Lakini cheo kilikuwa na jina lake kabla sijafika, na hakuna aliyeona sababu ya kulibadilisha. Nilipokuwa na mimba ya mtoto wa pili nilimsikia mzee mmoja mnadani akimwambia mwenzake, "Bwana Mifugo atajifungua mwezi ujao," na mwenzake akaitikia, "Mungu amsaidie," wala hakuna aliyecheka isipokuwa mimi.

Leo nimeamua kuwaandikia wote kwa mpigo, maana mvua zinakatika na najua picha zinakuja. Ninyi mliohamia Dodoma na mbwa wenu wenye manyoya mengi mnaogopa jua la Oktoba. Mimi niliogopa msimu huu wa mavuno. Zabibu zinakamuliwa, karanga zinang'olewa, mtama umeinama, nyasi zinakauka na upepo unaanza kuuma masikio. Wakati wa njaa mbwa hula alichopewa. Wakati wa mavuno hula alichokikuta, na hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa ikianza.

Chukua nyasi tu. Zikikauka, mbegu zake huwa na ncha. Huingia kwa urahisi na hazitoki. Mbwa akirudi kutoka porini akaanza kutikisa kichwa na kukiinamisha upande mmoja, mwangalie sikio kabla hujamtafutia jina la pepo. Familia moja karibu na Mvumi iliniita mbwa wao akiwa ameshaombewa usiku na mchana. Wao walikuwa wamechoka, na mbwa alikuwa amechoka zaidi. Nikamfunga mdomo kwa kitambaa, baba mwenye nyumba akamshika, nikaingiza koleo ndogo sikioni na kutoa mbegu moja ya nyasi. Mbwa akatulia palepale. Mama mwenye nyumba akasema, "Unaona? Maombi yamejibiwa." Sikubishana naye, pengine ni kweli. Lakini ninyi kagueni masikio na katikati ya vidole kila jioni, na mkimkuta kupe, mshikeni karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu. Msimchome kwa kiberiti. Nimewahi kutibu mkia ulioungua kwa ajili ya kupe ambaye, moto ulipofika, alikuwa ameshaanguka mwenyewe.

Halafu kuna dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kijana mmoja, mfugaji hodari kweli, alikuwa amemaliza kuogesha ng'ombe wake na dawa ikabaki kwenye ndoo. Sisi Wagogo hatupendi kumwaga kitu. Akatazama huku na huku, akamwona paka wake amejilaza kivulini, akamtumbukiza. Paka yule hakuwa na hata kupe mmoja. Aliletwa kwangu ndani ya kikapu akitokwa udenda na kutetemeka mwili mzima, nikamwosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu mpaka vidole vyangu vikakunjamana. Alipona. "Lakini ng'ombe hawakuumwa," kijana akaniambia, kana kwamba paka alikuwa anadeka. Nikamwambia paka si ng'ombe mdogo. Paka kazi yake ya kutwa ni kujilamba, na kila kilicho kwenye manyoya kitaishia tumboni. Dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Hata ya mbwa usimpake paka mpaka umemuuliza anayejua, na anayejua si muuza duka.

Ninyi wa mjini msicheke sana. Mwezi wa sita, baridi ya asubuhi inapokata, paka wa jirani hupanda kwenye injini ya gari lako kwa sababu ndilo jiko pekee lililobaki na joto. Gonga boneti kabla ya kuwasha. Majirani watadhani unalibishia gari hodi, waache wadhani hivyo.

Na mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo wewe mwenyewe ukiyanusa unageuza uso, usimsagie mbwa. Watu husema, "Huyo ni mbwa tu, hana neno." Mbwa ana ini kama wewe, tena lake ni dogo.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo kutoka pwani, Mzee Kibwana, mfupi, mkali, mtu aliyekuwa akinusa mgonjwa kabla ya kumgusa. Wiki yangu ya kwanza kazini alinisikia nikimuuliza mtu, "Mbwa wako amekula nini?" Akaniita pembeni. "Binti," akasema, "hilo swali liache. Atakujibu ugali. Siku zote ni ugali. Mwenye mbwa usimuulize mbwa amekula nini, muulize yeye ametupa nini." Nilidhani ni maneno ya mzee aliyeamka vibaya. Nilikuja kumwelewa vizuri miaka mingi baadaye, katika kijiji kimoja mbele ya Zuzu, kwa mbwa aliyeitwa Mtajiju.

Jina hilo msilishangae. Mnajua desturi yetu: jirani akikuudhi, huendi kugombana naye mlangoni. Unachukua mtoto wa mbwa, unampa jina, kisha kila jioni unasimama uani na kumwita kwa sauti mpaka ujumbe ufike. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mimi ndiye niliyelazimika kuyasoma majina hayo mbele ya umati. Nimewahi kuita Wivu, Mtanyooka, Umbea Hauna Posho. Siku moja kwenye uwanja wa shule niliita, "Mnafiki!" wakageuka watu watatu, na kati yao mmoja tu ndiye aliyekuwa na mbwa.

Mtajiju alikuwa wa Mzee Chilewa, mkulima wa zabibu. Alimpa jina hilo kwa ajili ya jirani yake, Mama Zaituni, mjane aliyetoka Kondoa na marehemu mumewe na kubaki pale akinunua karanga za wanakijiji, kuzikaanga na kuzipeleka mjini. Ugomvi wa kwanza ulihusu mpaka wa ua, ua wenyewe ukiwa ni mstari wa minyaa usiomficha mtu wala sauti. Mama Zaituni, kwa dini yake na kwa malezi yake, hafugi mbwa. Basi akachukua paka, akamwita Tumewazoea. Ikawa kila jioni jua likielekea kuzama unasikia upande huu, "Mtajiju! Mtajiju!" na upande ule, "Tumewazoea! Tumewazoea!" Kijiji kizima kilipika chakula cha jioni kikisikiliza sauti hizo.

Msimu mmoja wa mavuno, miaka michache kabla sijastaafu, Mtajiju alipenya kwenye minyaa, akakuta karanga zimeanikwa juu ya turubai, akajilaza katikati na kuzilamba kwa raha zake. Kwa Mama Zaituni lile halikuwa jambo dogo. Mate ya mbwa ni najisi. Zile zilizolambwa zilitupwa, na turubai likaoshwa kwa udongo na maji. Alipomaliza kuosha alisimama kwenye minyaa na kupaza sauti: "Huyo mbwa akikanyaga hapa tena, atakiona cha mtema kuni!" Waliokuwa mashambani walisikia. Waliokuwa kisimani walisikia.

Keshokutwa yake, asubuhi, Mzee Chilewa alinikuta ofisi ya kijiji nikipanga vifaa vya chanjo. Alikuwa amekuja kwa miguu, haraka, na pumzi ilikuwa imemwishia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Bwana Mifugo, twende ukaone. Mbwa wangu amelishwa sumu. Nataka uje uiseme kwa kinywa chako, sumu, mwenyekiti asikie."

"Amekula nini?" Ndiyo, niliuliza swali lile lile. Miaka yote hiyo na bado linatoka lenyewe.

"Ugali," akasema Mzee.

Nilimkuta Mtajiju amelala ubavu chini ya ukuta wa zizi. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, mwenye sikio moja lililochanika, na alipotuona hakuinua hata kichwa. Fizi zilikuwa kavu. Nikamvuta ngozi ya shingo. Kwa mbwa mwenye maji mwilini ngozi hurudi mara ukiiachia, yake ilibaki imesimama kisha ikashuka kwa uvivu. Tumbo lilimuuma kila nilipogusa. Tangu jana alikuwa akitapika, Mzee akaniambia, na tangu jana hakuna aliyemwona akikojoa. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha.

Nikaenda kwenye matapishi na kijiti. Msikunje uso, ndiyo kazi, na ninyi wenyewe mnanitumia picha mbaya zaidi. Nikachokonoa. Maganda meusi. Mbegu ndogo ndogo. Nikainama nikanusa kama Mzee Kibwana alivyonifundisha, na harufu ilikuwa chachu na tamu, harufu ya mwezi mzima ule katika kila nyumba ya kijiji.

"Mzee," nikasema, "juzi ulitupa nini?"

"Sikutupa kitu."

Nikanyamaza. Hilo nalo nililifundishwa: ukishauliza, nyamaza.

"Machicha tu," akasema. "Tulikamua mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo, machicha nikayamwaga nyuma ya nyumba."

Tukaenda nyuma ya nyumba. Lundo lilikuwa limefukuliwa upande mmoja, na nyayo za mbwa zilikuwa zimejaa pembeni. Nusu ya machicha haikuwepo.

Nikamweleza Mzee. Nilimweleza taratibu, maana najua jambo lenyewe linavyosikika masikioni mwa mtu wa Dodoma. Zabibu ni sumu kwa mbwa. Si kila mbwa. Mmoja atakula na kuondoka akitikisa mkia, mwingine akila figo zake zinagoma, na hakuna ajuaye ni yupi mpaka imeshatokea. Mbichi, zilizokaushwa, machicha, yote ni mamoja. Nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza kwenye semina nilicheka mbele ya watu. Nikasema kama ni kweli, basi Dodoma isingekuwa na mbwa hata mmoja wa kubweka.

Mzee hakucheka. Alikasirika.

"Zabibu? Bwana Mifugo, zabibu zinakwenda mjini, zinanywewa na wakubwa, zinawekwa mezani kwenye harusi. Leo zimuue mbwa? Baba yangu alilima zabibu, na mbwa wetu walilala shambani."

"Walikuwa wakiokota mbili tatu zilizoanguka, Mzee. Huyu amekula lundo."

"Yule mama alisema atakiona, na amekiona! Wewe unamtetea kwa kuwa ni mwanamke mwenzio."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwa mtu wa kijiji kile kukumbuka kwamba mimi ni mwanamke. Akachukua fimbo yake, akaondoka kumtafuta mwenyekiti wa kitongoji na wazee.

Nataka mwelewe uzito wa lile neno alilokwenda kulisema. Mama Zaituni hakuwa na shamba pale. Alikula kwa karanga zilizopita mikononi mwake. Kijijini ukishatajwa kwamba unatia sumu, hakuna baraza litakalokusafisha kabisa. Leo ni mbwa, kesho mtoto wa mtu akiharisha watakutazama wewe. Nani atanunua karanga kutoka mkono huo? Angefunga mizigo arudi Kondoa, na mbwa akifa hapakuwa na neno langu ambalo lingemzuia.

Nikamtundikia Mtajiju dripu. Nikamnyoa kidogo mguu wa mbele, nikaupata mshipa, nikafunga bandeji na kuning'iniza chupa kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Maji ndiyo dawa ya figo zilizogoma, maji na subira. Kama angeletwa mapema, saa ile ile aliyokula, ningemtapisha. Ndiyo maana nawaambia msisubiri kesho, wala msianze kwa kumtafuta aliyeroga. Lakini mimi sikuweza kukaa. Kijiji cha pili watu walikuwa wameshajipanga na mbwa wao kwa chanjo, na dawa ya chanjo ilikuwa kwenye boksi la barafu, na barafu haimsubiri mtu. Mke wa Mzee na watoto wake walikuwa shambani wakichuma. Mbwa akiachwa peke yake, nguvu kidogo zikimrudia tu, angeutafuna mpira wa dripu na kuung'oa.

"Bwana Mifugo."

Sauti ilitoka ng'ambo ya minyaa. Mama Zaituni alikuwa amesimama pale, amejitanda kanga, na bila shaka alikuwa pale tangu mwanzo.

"Nifundishe mimi," akasema.

"Wewe humgusi mbwa, Mama Zaituni."

"Simgusi akiwa mzima na kiburi chake. Huyu akifa, mimi ndiye nitakayezikwa naye. Nifundishe."

Akazunguka, akaingia uani kwa Mzee Chilewa, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga tangu msiba wa mumewe. Nikamwonyesha. Matone yadondoke polepole, hivi. Asiutafune mguu. Asile kitu. Na jambo kubwa kuliko yote, nikamwambia, ni mkojo. "Figo zikiamka atakojoa. Asipokojoa mpaka jioni, tumekwisha. Kwa hiyo mtazame."

"Nimtazame mbwa akikojoa?"

"Ndiyo."

"Ya Rabi," akasema Mama Zaituni, akaketi kwenye kigoda. "Nimefika huku."

Nilikwenda kuchanja nikiwa na moyo mzito. Niliita majina siku ile bila hata kucheka, na mtu mmoja alileta mbwa aitwaye Shemeji Punguza. Niliporudi alasiri nilipita njia ya mkato ili niwahi kabla ya mwenyekiti. Nilichokikuta bado nakiona. Mama Zaituni alikuwa amevua kanga ya juu akaifunga kwenye nguzo ili mbwa apate kivuli, na yeye mwenyewe amekaa juani. Tumewazoea alikuwa juu ya ukuta wa zizi, akitazama chini. Na mkono wa Mama Zaituni ulikuwa shingoni mwa Mtajiju, umemshika imara.

"Lala," alikuwa akimwambia. "Lala, mshenzi wewe, mwenzako nina kesi."

Alipogeuka akaniona, hakuutoa mkono. "Alitaka kuutafuna mpira," akasema. "Nitanawa."

"Amekojoa?"

Akatikisa kichwa. Tukakaa pamoja. Chupa ilikuwa imebaki kidogo chini, na kivuli cha zizi kilikuwa kinazidi kurefuka. Niliogopa, nawaambia kweli. Nimepoteza mbwa wengi na paka wengi, na huzoei, unajifunza tu kuogopa kimya kimya. Mama Zaituni alikuwa akitikisa midomo bila sauti. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kumwomba Mungu kwa unyenyekevu ule kwa ajili ya haja ndogo ya mbwa.

Tukasikia sauti za wanaume njiani. Mzee Chilewa mbele na fimbo yake, mwenyekiti wa kitongoji nyuma yake, na wazee wawili wamevaa makoti ya baraza. Mama Zaituni alizisikia, nami nikaona uso wake unavyobadilika. Ndipo Mtajiju akainuka. Aliinuka mguu kwa mguu, akayumba, akasimama. Akakitazama kigoda cha Mama Zaituni. Akainua mguu wa nyuma, kidogo tu, kadiri alivyoweza, akakikojolea.

Mama Zaituni aliruka juu. "Amekojoa!" akapiga kelele. "Amekojoa! Alhamdulillahi, Mtajiju amekojoa! Bwana Mifugo, umeona? Amekojoa!" Akapiga vigelegele, vile vya harusini hasa, mikono juu, kanga moja, na machozi yakimtoka.

Wazee walisimama mlangoni mwa ua. Mwenyekiti alimtazama Mama Zaituni, akamtazama mbwa, akamtazama Mzee Chilewa.

"Huyu ndiye mshtakiwa?" akauliza.

Nikawachukua nyuma ya nyumba nikawaonyesha machicha, nikarudia maneno yangu, na mwenyekiti, ambaye naye alikuwa amekamua juzi, aliaga haraka kuliko ilivyo heshima. Nilisikia baadaye kwamba alikwenda kufukia lundo lake.

Mzee Chilewa alibaki katikati ya ua. Nilimngoja aseme neno. Mama Zaituni pia alimngoja, ingawa alijifanya anakagua kigoda. Wazee wetu wana ndimi nyepesi kwa mambo mengi, lakini neno lile moja huwa zito mno kwao. Mzee akaingia ndani. Akatoka na ndoo ya maji, kata, na udongo safi kiganjani. Akasimama mbele ya Mama Zaituni akammiminia maji, naye akanawa, mara ya kwanza kwa udongo, kisha akaendelea mpaka zikatimia mara saba kama alivyofundishwa na dini yake. Mzee alimimina zote saba bila kukosea. Kumbe miaka yote ile ya ugomvi alikuwa akijua jirani yake anaishi vipi.

Mtajiju alipona. Nilikwenda siku kadhaa mfululizo, na alipoanza kunibwekea nikajua kazi imekwisha. Msije mkadhani ni hivyo siku zote; wengine hawainuki. Kama una mbwa na unakaa kati ya mashamba ya zabibu, fukia machicha kwa kina, weka miiba juu, na zile zilizooza usizimwage uani ukidhani unatengeneza mbolea. Mbwa wa sebuleni mjini naye usimrushie zabibu kwa mapenzi. Mapenzi yako yatafute njia nyingine.

Chanjo ya mwaka uliofuata Mzee Chilewa alikuja na mbwa wawili. Mtajiju nilimjua. Wa pili alikuwa mtoto wa mbwa, mweusi, mwenye miguu mikubwa.

"Jina?" nikauliza.

Mzee akatazama mbali, upande wa reli. "Nisamehe," akasema.

Nikayainua macho. Akaendelea kutazama reli, ingawa hapakuwa na treni.

Basi ikawa kila jioni kijiji kinasikia Mzee Chilewa amesimama kwenye minyaa akiita kwa nguvu zake zote: "Nisamehe! Nisamehe! Njoo, Nisamehe!" Upande wa pili, kimya. Mvua zilikuja, zikaenda, na Mzee akazidi kuita. Siku moja nilimkuta Mama Zaituni akikaanga karanga zake, na foleni ya wateja mlangoni, nikamuuliza kama hasikii.

"Nasikia vizuri sana," akasema akigeuza karanga. "Mwache aite kwanza, Bwana Mifugo. Ana sauti nzuri."

Msimu wa zabibu uliporudi nilipita pale jioni moja nikitokea mnadani. Nyuma ya nyumba ya Mzee shimo la machicha lilikuwa limefunikwa miiba mpaka juu. Mzee alikuwa kwenye minyaa na bakuli la ugali mkononi, akiita kama kawaida yake, "Nisamehe! Nisamehe!" Nilikuwa nimeshapita nyumba zote mbili niliposikia mlango wa upande wa pili ukifunguka. Tumewazoea alikuwa amezaa. Mama Zaituni alitoka na kisahani cha maziwa, akasimama mahali ambapo Mzee angemwona, akaita kitoto cha paka ambacho kilikuwa kimelala juu ya turubai lake, hatua mbili kutoka miguuni pake.

"Yameisha!" akaita kwa sauti ya kusikika kisimani. "Yameisha! Njoo ule, Yameisha!"

Mzee Chilewa alisimama, bakuli likiwa bado mkononi. Kisha akamwita tena mbwa wake mara moja, kwa upole, ingawa Nisamehe alikuwa ameshafika zamani na alikuwa amemkalia miguuni.